Kidonge cha Tusa kimefika

Siamini bado, Tusa. Voice note yako ya mwisho iko kwenye simu yangu na siwezi kuifungua.

Kwa msiomjua: Tusajigwe alikuwa mwenzangu wa shifti kiwanda cha chai, miaka sita. Tumemzika kijijini kwao, Lupepo, wiki iliyopita.

Mwaka huu alianza kuishiwa damu. Anaongezewa, wiki chache kapauka tena. Hospitali wakampima kwa mpira wa kamera wa kupitia mdomoni, kisha wa kupitia nyuma. Hawakuona kitu.

Daktari wa rufaa akasema huenda tatizo liko katikati, kwenye utumbo mwembamba, ambako mipira haifiki. Ameze kidonge chenye kamera, kipige picha huku kinapita. Sharti: asile kitu tangu mchana wa siku ya kabla.

Kazini Tusa akaniambia, "Shoga, kesho nameza mpiga picha! Natabasamu kwa ndani." Supavaiza alicheka mpaka akasahau kutufokea.

Jioni hiyo mama zake wadogo wakaja kutoka Mpuguso na sufuria ya mbalaga, ndizi zetu na maharage. Kwetu mgonjwa akikataa chakula cha mama, watu wanaanza kulia kabla ya msiba.

Tusa akaniangalia. Mimi ndiye niliyesema, "Kula kidogo tu, wasije wakalia. Kamera haina neno."

Jamani, mimi!

Kesho yake akavaa mkanda wa kupokea picha, akaringa nao kutwa nzima. Picha zikatoka zimejaa mabaki ya maharage. Panapovuja damu hapakuonekana.

Tukaambiwa kidonge kingine kinaagizwa, tusubiri. Tukasubiri. Damu haikusubiri.

Daktari ananiambia nisijilaumu, pengine hata picha safi zisingekuokoa. Nimemsikia, lakini usingizi sipati.

Sasa Subi, mdogo wako, naye damu inashuka. Kidonge ulichoagiziwa wewe kimefika. Kesho anakimeza yeye.

Naogopa, Tusa. Nimekaa mlangoni kwenu tangu saa sita mchana, kila hodi inanishtua.

Mama zako wadogo wamekuja tena, na sufuria ileile. Nimeipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, "Ndaga, mama," nikaifungia stoo. Ufunguo uko kwenye sidiria yangu.

Mkubwa wao kasema, "Mwanangu, unamnyima mtoto wetu chakula?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Mpaka kesho."

Wamenuna, hawaniongeleshi. Wanune tu.

Lala salama, rafiki yangu. Leo hapa hakuna atakayekula.