Cherehani Moja ya Mzee Sadiki

Harufu ya pasi ya makaa juu ya sufu iliyolowa hunichosha mpaka leo. Juzi ilinifikia hapa Gisenyi, nikipita karibu na kituo kinachowafundisha ushonaji vijana waliokosa shule. Umeme ulikuwa umekatika, wakawasha pasi ya zamani. Nikasimama kidogo, ingawa magoti yangu siku hizi hayapendi kusimama.

Nilikuwa mtoto wa mjane muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na mama alinipeleka kujifunza kwa Mzee Sadiki, fundi wa mjini. Wakati ule koti likipauka halikutupwa. Lilifumuliwa lote, kitambaa kikageuzwa upande wa ndani ukawa nje, kisha likashonwa upya. Mwenye koti la namna hiyo ulimjua kwa mfuko wa kifuani uliohamia kulia. Sisi wanafunzi hatukugusa cherehani. Tulifumua tu, mpaka vidole vikashika rangi za makoti ya watu.

Tulikuwa wawili, mimi na Mukamana, binti aliyelelewa na bibi yake kipofu huko mlimani. Cherehani moja ilipobaki bila mtu, Mzee Sadiki alimpa kila mmoja wetu koti la kufumua. Ambaye angefumua vizuri zaidi ndiye angeikalia.

Mukamana alivuta uzi mmoja mmoja kwa sindano. Mimi nilitumia wembe.

“Mukamana, we utazeeka na iyo koti!” nilimtania.

“Bon, sawa, nizeeke. We unakata nguo, haufumue.”

Alisema kweli. Wembe wangu ulikula kingo za kitambaa, pa kupitisha mshono pakawa hapatoshi. Mzee Sadiki aliviinua vipande vyangu kwenye mwanga, akaguna. Lakini mama alikuwa amekwisha kufika, na kikapu chake kikinuka samaki.

“Muzee, unisaidie. Baba yake alikufa. Uyu mutoto iko na mimi peke yangu.”

Mzee aliviweka chini vipande vyangu. Mukamana hakuwa na mtu wa kumsemea.

“Haya, we kijana, kaa pale,” Mzee akasema, bila kunitazama.

Mukamana alikunja vipande vyake, vyote vizima, akaviweka mezani. Akaaga kwa heshima, akaenda. Hakurudi tena.

Nilishona muda mfupi tu. Padri mmoja wa misheni ya Nyundo alikubali kunilipia sekondari, nami nikaondoka kwa Mzee Sadiki nikikimbia, maana kukanyaga cherehani kulikuwa kumeshanichosha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa karani, nilikutana na Mukamana njiani kuelekea mpaka wa Goma, beseni la sambaza kichwani, shingo imekakamaa.

“Fundi, uko muzima?” akanisalimu.

Hakuwa akinicheka. Nikaitika, nikapita haraka, mimi ambaye hata kifungo cha shati langu nilishonewa na mke wangu.

Utotoni niliamini kwamba nimemshinda. Nilichelewa sana kuelewa kwamba pale kwenye cherehani, nilipongojea shule tu, ndipo yeye angepatia riziki ya maisha yake yote. Na siku niliyoondoka, cherehani ilibaki wazi tena. Neno moja kwa Mzee Sadiki lingetosha: mwite Mukamana. Halikunijia kabisa. Nilikuwa nawaza viatu vya shule.