Tanki Ambalo Baba Hakulijaza

Kwa nini mtu mwenye gari asijaze tanki hata siku moja? Nilimuuliza baba swali hilo tangu nikiwa shule ya msingi, naye alinijibu kwa kuongeza sauti ya redio. Mama alicheka tu, akasema ni ubahili. Baba alipofariki, gari lake, jipe ya zamani, lilikwenda kwa kaka yangu Dieudo, swali likabaki kwangu.

Safari iliyolifufua swali hilo ilikuwa ya kumchukua Koko, mama yake baba, anayeishi Kasenyi kando ya ziwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na daktari wa kupasua macho alikuwa amekuja Bunia kwa juma hilo tu. Koko asipofika kesho yake asubuhi, nafasi yake angepewa mwingine, na hakuna aliyejua daktari angerudi lini.

Bunia, asubuhi, Dieudo alijaza tanki hadi mdomoni.

"Leo njo mara ya kwanza hii gari inakula inashiba," akasema.

Tukiwa tunapakia mkeka na mito, nikasikia harufu ya petroli. Niliinama. Tone lilikuwa likining'inia kwenye bolti iliyo chini ya tanki. Likaanguka, jingine likajikusanya. Dieudo akaingia chini, akaikaza bolti, akaipaka sabuni ya kufulia. Madereva wote huku hufanya hivyo, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni.

"Imekwisha."

"Umejuaje kwamba inatoka hapo?"

"Si hapo njo inaanguka? Ku université walikufundisha nini, weye?"

Bogoro tulisimama kwenye kizuizi cha askari, nikachungulia tena. Bolti ilikuwa imelowa juu ya sabuni yake. Dieudo aliuona uso wangu na hakuupenda.

Kutoka Bogoro barabara inateremka mlima hadi ziwani, kona baada ya kona. Katikati ya mteremko nilimlazimisha asimame. Bolti ilikuwa kavu kabisa.

"Unaona? Sabuni imekamata," akasema.

Sikuamini. Sabuni iliyoshindwa tangu nyumbani ingewezaje kupata nguvu kwenye mteremko? Lakini sikuwa na maelezo mengine, na mtu asiye na maelezo hana haki ya kumchelewesha dereva.

Kasenyi tulifika mchana. Koko alikuwa amekaa mlangoni na gauni lake la misa, kiko mkononi, furushi miguuni. Dieudo aligeuza gari likatazama mlima, tayari kwa kurudi, akaliacha hapo penye mwinuko, injini ikinguruma. Mama Chantal, jirani anayemlisha Koko, alikuwa akikausha samaki juu ya moto hatua chache kutoka pale. Yeye ndiye aliyepiga kelele.

"Gari inakojoa! Ondoeni kule! Munataka kukausha samaki yangu na Kasenyi yote?"

Tulizima injini tukalisukuma mbali na moto, bado pua yake ikiwa juu. Matone yalikuwa yamerudi, mazito kuliko ya asubuhi. Dieudo akatoa sabuni. Nikamshika mkono.

"Tukipanda mlima hivi, itamwagikia kwenye bomba la moshi, na Koko yuko juu yake. Kwanza tujue inatoka wapi."

Nilihitaji shahidi asiyebishana na mtu. Nikamwomba Mama Chantal unga wa muhogo, nikalipangusa tanki hadi likakauka, nikalipaka unga upande wa nyuma, kutoka bomba la kujazia juu hadi kwenye bolti.

"Sasa munapikia gari bugali?" Mama Chantal akauliza.

Tulingoja. Bomba la kujazia lilibaki jeupe. Bolti ilibaki nyeupe. Kisha juu kabisa, kwenye kona ya nyuma, mstari mwembamba ukawa wa kijivu, ukashuka polepole kwenye mkanda unaolishika tanki, ukaifikia bolti. Hapo likaning'inia tone. Bolti haikuvuja kamwe. Ilikuwa mlango wa kutokea tu. Ufa ulikuwa juu. Tanki likijaa, petroli inaufikia; gari likiteremka, petroli inakimbilia mbele na ufa unakauka; likipanda, inarudi nyuma.

Koko hakuona unga, lakini pua yake ilikuwa nzima.

"Mulijaza?" akauliza.

"Ndiyo, Koko."

"Papa yenu hakujazaka."

"Alijua?"

"Alijua."

"Sasa mbona hakutengenezaka?"

Akakipapasa kiko. "Nipe moto."

"Hapana, Koko. Leo hakuna moto."

"Basi na jibu hakuna."

Tulinyonya petroli kwa mpira hadi ikabaki chini ya nusu. Dieudo alilalamika kwamba tutakwama mlimani, kisha akapiga hesabu ya njia mwenyewe, akafunga mfuniko wa tanki. Mume wa Mama Chantal aliichukua petroli tuliyoitoa kwa ajili ya mashine ya mtumbwi wake. Ufa tuliupaka sabuni, safari hii mahali pake.

Njia ya kurudi nilikaa nyuma na Koko, kiko chake kikiwa mfukoni mwangu. Kwenye kila kona kali nilishuka nikachungulia, naye akacheka: "Huyu mutoto haamini hata macho yake, na yake iko mazima." Unga ulibaki mweupe hadi Bunia.

Kesho yake Koko alipasuliwa jicho la kwanza. Walipomfungua kitambaa alinitazama kwa muda, akasema nimekonda, akadai kiko chake.

Miaka baadaye, mama akichambua maharage, alinieleza sababu ya baba, kama jambo ambalo nilipaswa kulijua. Siku tulipoikimbia Kpandroma wakati wa vita, mimi nikiwa mdogo, jipe ilikuwa kwa fundi, imeinuliwa juu ya mawe, tanki limeondolewa ili ufa huo uchomelewe. Mambo yalipotulia, baba alirudi akalifunga tanki na ufa wake, na tangu hapo hakuiacha jipe tena kwa fundi yeyote. Siku ile tulikwenda Bunia kwa miguu, mimi nikiwa mgongoni kwa baba.