Zamu yako ya kukaa, Dija

Asubuhi nimemwandikia "umeamkaje?" kama kawaida, nikatuma kabisa. Tiki moja. Ndipo nikakumbuka kwamba Ijumaa tulimzika.

Hadija wangu. Dija. Jamani, akili yangu imekataa kabisa.

Ilikuwa homa tu. Walisema anaendelea vizuri, halafu kaka yake akapiga simu, na kabla hajasema kitu nikamsikia anavuta pumzi.

Wengi mlimfahamu akiwa tayari afisa mipango. Mimi nilikuwa naye tangu chuo, mwaka wa pili, tukihangaika kutafuta field, ofisi ya kufanyia mafunzo ya vitendo.

Yeye alipata, mimi nikakosa. Nilizunguka Mtumba, mji wa serikali, ofisi hadi ofisi, kila mlango jibu ni lile lile: "Nafasi zimejaa, binti." Asiye na field anarudia mwaka. Na kwetu Mlali mvua ilikuwa imegoma, mahindi ya mama yamekaukia shambani. Nikirudia mwaka, ndiyo mwisho wa shule yangu.

Siku yake ya kuripoti, Dija akanishika mkono, akaingia na mimi. Mimi ambaye hakuna aliyeniita!

"Shikamoo, mama. Tumekuja wawili."

Mama wa utumishi akatuangalia juu ya miwani. "Marahaba. Nimepewa jina moja. Hata kiti ninacho kimoja."

"Basi tupe hicho hicho. Tutakaa kwa zamu."

"Kwa zamu?"

"Mmoja akikaa, mwenzake anazunguka kutafuta kazi."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, mlete barua ya chuo ya huyu mwingine. Siku nikisikia mnagombania kiti, nje wote wawili."

Ndivyo nilivyopata field. Ndivyo nilivyomaliza chuo.

Zamu yangu ya kwanza kusimama, nilisimama kweli. Nikajibanza pembeni ya mashine ya photocopy nikiona aibu. Dija akaninong'oneza kutoka kwenye kiti, "Neema, wewe si pazia. Zunguka!"

Nikazunguka. Masijala, manunuzi, uhasibu. "Shikamoo, mimi ni mwanafunzi wa field, naomba kazi yoyote." Wengine walinituma chai. Lakini wapo walioniambia vuta kiboksi hicho ukae, nikuonyeshe faili linavyotembea.

Jioni, tukisubiri usafiri kwenye ule upepo, tulikuwa tunaulizana: leo umejifunza nini? Ukisema "hakuna", kesho unasimama tena. Sheria yake hiyo.

Wenzetu waliokuwa na viti vyao walishinda kwenye simu. Siku ya presentation sisi tuliifahamu ofisi nzima, kwa sababu hatukuwa na pa kukaa.

Dija alimwamkia kila mtu. Siku ya kwanza alimpa shikamoo Issa, mwanafunzi mwenzetu wa field, kisa ndevu. Issa akaitikia "marahaba" bila haya, na akaendelea kuitikia hadi tunamaliza. Dija alipojua ni mwenzetu, alisema, "Nikiacha sasa atajisikia vibaya."

Ijumaa Issa alikuja Kondoa, kwao Dija, kuzika. Akanishika bega. "Neema, mimi na yeye tulilingana umri, unajua?" Tukacheka. Halafu hatukuweza tena.

Dija alikuwa anatembea na pini kwenye ushungi, mbili zaidi ya anazohitaji. Moja ilishikilia zipu ya sketi yangu siku supervisor wa chuo alipokuja kutukagua. Hiyo pini ninayo.

Wanaume walipokwenda makaburini, mimi nilibaki ndani na akina mama. Mama yake aliambiwa jina langu, akainua uso. "Ndiyo wewe Neema wa kiti?" Miaka yote hii, kumbe nyumbani kwao naitwa hivyo. Akasogea kwenye mkeka, akapiga-piga pale pembeni yake. "Njoo ukae, mwanangu."

Ujumbe wa mwisho wa Dija kwangu haukuwa wa ugonjwa. "Kuna mdogo wetu wa huku Kondoa anakosa field. Usimwambie zimejaa."

Nikamjibu: "Aje. Kiti kipo kimoja." Akanitumia vile vikatuni vya kucheka, mstari mzima.

Leo huyo binti amekuja ofisini kwetu. Amesimama mlangoni, barua mkononi, kama mimi nilivyosimama. Boss amesema nafasi ya mwisho ilichukuliwa wiki iliyopita. Nikamwambia, boss, hatuombi nafasi, tunaomba asimame tu.

Amekubali! Ameanza leo, Dija. Nimemkalisha kwenye kiti changu, mimi nikazunguka. Watu wa masijala wameniuliza, "Madam, leo vipi, umefukuzwa?" Nikasema hapana, ni zamu yangu.

Umesimama sana kwa ajili yetu, rafiki yangu. Sasa zamu yako ya kukaa imefika, na hakuna atakayekuinua.

Pumzika, Dija. Huku nazunguka mimi. Jioni nitakuambia nimejifunza nini.