Cheche na Mapengo ya Kinanda

Fundi Cheche alikuwa mchomeleaji, na nusu ya madirisha ya mtaa ule yalikuwa na nondo zake. Jina alilipata kwa mashati: kila shati lake lilitobolewa na cheche, hata lile la kwendea harusini. Siri ya kazi yake ilikuwa kibao kimoja kilichochakaa. Alikiweka kati ya nondo na nondo, akachomelea, akakisogeza mbele. Mapengo yote sawasawa. Ukimwambia moja limezidi, mtagombana mpaka jioni.

Kinanda alijifunza mwenyewe, ukubwani, akawa mpigaji wa kwaya ya mtaa. Ila jamani, nyimbo zote alizianzia kwenye kitufe kimoja, C, akapanda nyeupe kwa nyeupe. "Hizo nyeusi ni mapambo tu," alikuwa akisema, tena kwa kujiamini!

Mwimbaji kiongozi alikuwa mkewe. Mwaka ule alipasuliwa koo, akapona, lakini sauti ikarudi imeshuka. Kilele cha wimbo wa kufungulia tamasha, ile sauti ya juu kabisa, hakukifikia tena. Mwalimu wa kwaya, mama asiyepindisha maneno, akamwambia Cheche, "Fundi, ushushe wimbo. Usipoweza kabla ya mazoezi ya Jumamosi, sehemu ya mkeo nampa mwingine."

Mkewe, aliyesimama pale pale, akasema, "Sawa, mwalimu." Alipofika nyumbani akaikunja sare yake, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Cheche aliona, na roho ikamuuma vibaya sana.

Akaona kazi yenyewe ni ndogo. Aliweka kibao chake juu ya vitufe vyeupe: upana sawa vyote. Basi akianzia chini kidogo, kwenye A, si utakuwa wimbo ule ule? Akapiga nyeupe kwa nyeupe. Lo! Wimbo wa furaha ukatoka wa msibani.

"Baba watoto, nani kafa?" mkewe akauliza toka jikoni.

Akarudia mara tano, maiti akawa yule yule. Akakitukana kinanda, akakitukana na kiwanda kilichokitengeneza.

Alhamisi mchana umeme ulikatika. Grenda ya kukatia vyuma kimya, mashine ya kuchomelea kimya, naye akakaa mlangoni mwa karakana na kinanda chake cha betri mapajani. Kwa hasira tu akabonyeza kila kitufe kwa zamu, cheupe na cheusi, bila kuruka. Sauti ikapanda kidogo kidogo, kwa kiasi kile kile. Ah! Kumbe nyeusi nazo zimo kwenye hesabu!

Akarudi C, akahesabu upya. Kufika D, hatua mbili. Kufika E, mbili. Kufika F, moja tu: hapo nyeupe mbili zimekaa bega kwa bega, hakuna nyeusi katikati. Kibao kilikuwa kimemdanganya: upana wa vitufe ni sawa, hatua za sauti si sawa. Akachukua chaki akaandika kwenye geti la mteja: mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Hiyo ndiyo skeli ya meja, ngazi ya sauti za wimbo wa furaha, ambayo mwalimu aliisema kila wiki, na Cheche akaitikia kwa kichwa bila kuelewa kitu.

Akaanzia A kwa hesabu ile ile. Ikamlazimu kugusa nyeusi tatu. Na wimbo ukacheka! Fundi mzima, mvi kichwani, akaruka juu akipiga kelele peke yake.

Jumamosi ukumbini mkewe alikuja bila sare, mikono kifuani.

"Umeushusha?" mwalimu akauliza.

"Sikiliza, mwalimu."

Cheche akapiga. Mke akaanza kwa woga, akapanda, akakikaribia kile kilele. Kwaya nzima ikakaza macho. Akakifikia, akakishikilia, akakiachia alipotaka mwenyewe. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na Cheche machozi yakamtoka bila aibu.

Mwalimu akavua miwani. "Fundi, wewe si ulikuwa mtu wa C tu?"

Mke akamshika mumewe bega. "Baba watoto, nimebakiwa na nafasi. Nipandishe kidogo."

Cheche akasogeza kidole kitufe kimoja juu, kwenye cheusi kabisa, akahesabu midomo ikicheza: mbili, mbili, moja.

"Utaweza kuanzia hapo?" mwalimu akashangaa.

"Mwalimu," Cheche akasema, "leo naanzia popote anapotaka mke wangu."