Kiti cha Nyuma

Mzee Herbert, dereva mwenzangu hapa hotelini mtaa wa Al Sadd, huku ughaibuni Ghuba, ana tabia moja iliyokuwa ikiniudhi: gari likitoka gereji, haliondoi mpaka fundi apande naye. Mafundi wanamcheka. Na mimi nilimcheka, hadi tulipopanga chumba kimoja kule mtaa wa Muaither akanieleza.

Alikuwa rubani wa majaribio katika jeshi la anga la kwao. Ndege ya kivita ikitoka karakana, hakuna aliyeirusha kabla yake. Ataipandisha juu kabisa, aipindue, aizime injini na kuiwasha tena huko huko mawinguni. Na kikosi chao kilikuwa na desturi: fundi aliyeitengeneza ndege hukaa kiti cha nyuma. Ukijua nawe utakuwemo, huachi nati imelegea.

Siku moja fundi wake, Job, alikuja ameshika tumbo, akasema hawezi kupanda. Herbert akamtazama, akavua helmeti, akasema basi na yeye harushi. Mkuu wao akafoka. Rubani mwingine, Douglas, akairusha peke yake na kuitua salama salimini, watu wakapiga makofi. Mbele ya wakubwa Job akaapa kwamba ndege haikuwa na kasoro yoyote, na Herbert akafukuzwa kwa uoga. Mwanawe Kevin alikua akiitwa mtoto wa mwoga, na mpaka leo hapokei simu za baba yake. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akipaa juu kuliko mwewe anabeba masanduku ya wageni kwenye joto hili. Inaniuma, na sitajifanya hainiumi.

Mwezi uliopita alitumwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni. Akatokea Job, ndani ya suti, siku hizi mshauri wa mashirika ya ndege. Akamkumbatia Herbert kwa kelele nyingi, akakataa katakata kukaa nyuma. Eti wao ni ndugu, atakaa mbele. Njiani Herbert akamuuliza jambo moja tu, lile lililomnyima usingizi miaka yote: siku ile ndege ilikuwa na nini?

Job akacheka kidogo. "Nilisahau spana ndani, karibu na nyaya za usukani, nikakumbuka saa ya kupanda. Douglas alirudi tu na bahati. Nikaitoa pole pole, hakuna mtu aliniona."

"Pigia Kevin na simu yako," Herbert akasema. "Mwambie vile umeniambia."

Job akageukia dirishani. "Hiyo story iliisha kitambo. Saa hii niko na jina, Herbert."

Herbert hakubishana naye. Akaegesha gari kando ya barabara, akashuka, akazunguka, akafungua mlango.

"Hamia nyuma."

Job akahamia. Safari hii tumbo halikumuuma.