Roki kwa Mwendo wa Lastiki

Fundi makochi wa mtaa ule alikuwa mtu wa maneno machache kuhusu makochi na maneno mengi kuhusu roki. Ukimpelekea kiti kilichobonyea, angekitazama, akakibonyeza kwa kiganja mara mbili, akasema "Jumatano," basi. Lakini ukikosea ukauliza ni muziki gani ule unaolia nyuma ya karakana, ungeondoka pale umechelewa ulikokuwa unakwenda, na umeelimika kuliko ulivyotaka. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Profesa. Wachache walimwita hivyo kwa heshima, wengi kwa mzaha, na yeye aliwaitikia wote bila kuchunguza nani yuko upande gani.

Elimu yake yote ilitoka kwenye santuri tisa. Miaka ishirini na saba nyuma, mama mmoja mteja wake alikuwa anahama, akamwachia sanduku la albamu za zamani za roki pamoja na mashine ya kuzipigia, kwa kuwa hakuwa na pa kuvitia. Mashine ilikuwa nzima ila kwa kitu kimoja: ule mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha sahani ulikuwa umekatika na kupotea. Fundi hakuona shida. Kazi yake ni kuvuta na kukaza vitu kutwa nzima. Akakata kipande cha lastiki, ile ile anayotia kwenye vitambaa vya kufunikia viti, akakiunga ncha kwa ncha kwa mshono mdogo safi, akakivisha mahali pake. Sahani ikazunguka. Muziki ukatoka. Akaketi juu ya gunia la vipande vya sponji, akasikiliza upande wa kwanza hadi wa pili, na viti vya watu siku hiyo vikalala bila misumari.

Majina ya albamu zile hakuyashughulikia. Lugha ya nyimbo zake aliijua ya kuombea maji tu, kwa hiyo alizibatiza mwenyewe kwa picha za majaladani: Farasi, Ngazi, Moshi, Mama wa Mwavuli, na kuendelea mpaka tisa. Kila moja ilikuwa na hukumu yake. Ngazi ilikuwa albamu ya mtu aliyekosana na nduguye na sasa anatafuta namna ya kuomba radhi. Msikilize mpiga gitaa, anasogea hatua moja, anasita, anasogea tena. Moshi ilikuwa nzuri ila haikufaa mtu mwenye njaa. Mama wa Mwavuli ilikuwa na mpiga ngoma mvivu, lakini mvivu mwenye busara zake. Na Farasi, hasa wimbo wa tatu wa upande wa pili, hiyo ndiyo ilikuwa roho yake. Mwimbaji wake, kwa makadirio ya Profesa, alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, kifua kipana, aliyefiwa na mkewe, na aliimba polepole kwa sababu kila neno lilikuwa zito na ilibidi alinyanyue peke yake. Watu wanasema roki ni kelele, alipenda kueleza. Wanasema hivyo kwa kuwa hawana subira. Roki ni muziki wa watu wanaofikiri.

Mkewe alishona vitambaa vya makochi kwenye cherehani ya kukanyaga, hatua nne kutoka kwenye mashine ya santuri. Alikuwa mwanamke wa kazi, mpole wa kauli, na mumewe alimwona ana kasoro moja tu duniani: hakuwa na sikio la muziki. Farasi ikianza, mguu wake kwenye pedali ulikwenda mbio, ukautangulia wimbo, ukausubiri, ukautangulia tena. Mumewe angenyamaza, angevumilia, kisha angeshindwa.

"Mama watoto, wimbo unauacha nyuma."

"Utanikuta mbele," angejibu, na kuendelea kushona.

Tena ni wimbo huo huo uliowakutanisha. Kisa hicho Profesa alikisimulia hata kwa wateja waliokuja kuchukua mito tu. Msichana aliingia na kaka yake kuchukua kiti cha baba yao, Farasi ilikuwa inalia, akasimama akasikiliza kidogo, halafu akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye kochi lisilo na springi. Ile ilikuwa furaha tupu, Profesa alisema. Watu wengi walikwishaupita wimbo ule mlangoni wasigeuze hata shingo, na huyu mmoja ulimgusa hadi akacheka. Mkewe, kisa kikifika hapo, aliinamisha kichwa na kutafuta uzi.

Kaka mtu, yaani shemeji yake Profesa, alikuwa na duka la rangi ng'ambo ya barabara, na alijipa kazi ya pili ya kumchokoza. Alidai nyimbo zile ni za watu wanaopandisha kabati mlimani. Alidai viti vinachelewa kwa sababu misumari nayo inasinzia. Siku moja alimwuliza kama wale wanamuziki walikuwa wanalipwa kwa saa. Profesa alimjibu kwa utulivu kwamba usilolijua ni usiku wa giza, na kwamba muuza rangi asitarajiwe kuelewa kitu kisichokauka haraka.

Basi redio ya mji ilikuwa na kipindi cha Jumamosi alasiri, ambapo msikilizaji mmoja hualikwa studio na wimbo wake anaoupenda, akaeleza unamgusaje, kisha ukapigwa. Profesa aliwaandikia barua tatu. Ya tatu ikajibiwa: aje na santuri yake. Alisoma barua ile mara nyingi kuliko ilivyokuwa na maneno. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mtaa, mara moja tu, uusikie wimbo ule mzima kwa utulivu, bila kelele za nyundo, halafu useme kumbe huyu mtu siku zote hakuwa anapayuka. Alikuwa amevumilia utani kwa miaka mingi, na alicheka nao, lakini si kila anayecheka hajaumia.

Mkewe alipoambiwa, cherehani ilisimama. Aliuliza kama wataitumia mashine ya huko redioni. Profesa alisema ndiyo, wana mashine ya maana, si kama hii. Mkewe akasema ingefaa abebe ya kwake. Ijumaa akarudia, safari hii akaongeza kwamba anaweza kuifunga vizuri kwa kitambaa na kwamba kaka yake atamsaidia kuibeba. Profesa aliguswa sana na wasiwasi huo wa kike, akamwambia asihofu, mtu hapeleki kuni msituni.

Jumamosi alivaa koti lake la harusi za watu wengine, santuri kwapani ndani ya foronya mpya, akaenda. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa sponji ukuta mzima. Kabla ya kusalimia aliibonyeza kwa kiganja. Ilikuwa sponji hafifu, haingedumu kwenye kochi mwaka mmoja, na hilo lilimpa ujasiri. Mtangazaji, dada mchangamfu, alimketisha mbele ya kipaza sauti. Nyuma ya kioo fundi mitambo aliipokea santuri na kuipangusa kwa adabu.

Profesa akaongea. Hajapata kuongea vizuri namna ile. Alieleza habari za yule mzee aliyefiwa, nyumba iliyobaki kimya, kiti cha pili ambacho hakuna anayekikalia. Alieleza kwamba mpiga gitaa anamfuata mwimbaji kwa nyuma kama jirani anayekusindikiza kutoka makaburini, hasemi kitu, yupo tu. Alisimulia na kisa cha msichana aliyecheka kwa furaha. Mtangazaji alikuwa ameanza kufuta macho. Akasema basi wapenzi wasikilizaji, tumsikilize huyo mzee, na fundi mitambo akashusha sindano.

Gitaa lilitoka mbio kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ngoma zikalifuata zinachekelea. Kisha akaingia mwimbaji, na hakuwa mzee, wala hakuwa na kifua kipana, wala hakuonekana kufiwa hata na paka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, sauti nyembamba, anayewahi mahali penye sherehe.

Profesa alitazama kioo. Alisema jambo la kwanza lililomjia, na kipaza sauti kikalipokea lote. "Mashine yenu ina haraka."

Fundi mitambo aliinama, akakagua, akasema kwa heshima zote kwamba kasi ni yenyewe, mzee. Kisha, kwa kuwa ufundi ni ufundi, akauliza mashine ya nyumbani inatumia mkanda gani. Profesa akajibu kwamba inatumia lastiki. Lastiki ipi? Ya vitambaa vya makochi. Fundi mitambo akasema lastiki huvutika, na sahani huchelewa, kisha akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mtangazaji alikuwa ameuma midomo yote miwili. Wimbo uliendelea kukimbia, haukumngoja mtu.

Aibu ilimpanda Profesa mpaka masikioni. Alifikiria duka la rangi. Alifikiria redio zote zilizofunguliwa mtaani, kwa kuwa yeye mwenyewe alipita mlango kwa mlango kuwaomba wazifungue. Na katikati ya aibu hiyo akasikia kitu kingine. Mwendo ule hakuwa mgeni nao. Alikuwa ameusikia kila siku ya kazi, hatua nne kutoka alipokuwa akigongea misumari, na kila siku alikuwa ameukosoa.

Mtangazaji, akijitahidi kuikaza sauti, alimwuliza sasa anaupokeaje wimbo.

"Mwendo huu naujua," alisema Profesa. "Huu ni mguu wa mke wangu."

Dada yule, kwa bahati nzuri, alikuwa na akili ya kumwacha.

Alipoondoka, fundi mitambo alimfungia kwenye karatasi mkanda wa kweli wa mashine ya santuri, mweusi, mwembamba, akakataa kushukuriwa. Mtaani shemeji alikuwa amemngojea mlangoni pa duka, na utani ameushika mkononi kama kibuyu kilichojaa. Aliuliza kama yule mgane amepata mchumba, maana leo alisikika mwenye furaha. Aliuliza kama ile kabati hatimaye imefika mlimani na sasa wanateremka. Siku nyingine Profesa angemlipa palepale. Leo alipita tu, na shemeji, alipomwona uso, akaufunga mdomo na kurudi kwenye makopo yake, akijilaumu kidogo.

Karakanani mkewe alikuwa ameketi kwenye cherehani, lakini hakuwa anashona. Redio ilikuwa imezimwa. Profesa aliketi juu ya gunia la sponji na foronya yake magotini.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

Akamweleza. Walikuwa wasichana shuleni, bwenini, mwenzao mmoja alikuwa na santuri ya wimbo ule, nao wakaucheza kila jioni mpaka sakafu ikalegea. Alipoingia karakanani na kuusikia unajikokota namna ile, alicheka mpaka miguu ikamwisha nguvu. Alikusudia kumwambia kesho yake. Kesho ikazaa kesho nyingine, wakaoana, wakazaa, na baada ya miaka kumi mtu anaanzia wapi kusema jambo kama lile?

Profesa alisema kwa sauti ndogo kwamba ameumia. Si kwa kuchekwa, kuchekwa amezoea. Ameumia kwa sababu amekuwa akimlilia mtu ambaye hakufiwa, kwa miaka ishirini na saba, na amewalilisha na wengine.

Mkewe alichomoa mguu kwenye pedali, akamgeukia.

"Nilicheka kwa sababu ilichekesha," alisema. "Kisha ukaanza kunieleza habari za yule mzee, misumari imejaa mdomoni, na machozi yanakulenga. Nikasema moyoni, mtu anayemwonea huruma mtu asiyekuwepo, mimi niliyepo hatanikosea. Sasa usinitie hasara leo. Weka huo mkanda mpya."

Hilo hakulitegemea. Alidhani ataambiwa autupe. Aliifungua mashine, akaitoa lastiki yenye mshono wake mdogo safi, akauvisha ule mweusi, akashusha sindano kwenye wimbo wa tatu.

Mkewe alivua viatu. Alisimama katikati ya fremu za makochi, futi ya kupimia shingoni, vipande vya nyuzi gauni zima, mwanamke anayekaribia hamsini, na akacheza. Alicheza hatua za bwenini, zote, hajasahau hata moja: mbele mbili, kando moja, kiuno kikageuka, mikono ikakamata mikono ya wenzake wasiokuwepo. Profesa hakuwa amewahi kumwona akicheza. Aliketi pale na kuona miaka ishirini na sita ya mwanamke aliyeketi, na ngoma yote hiyo ameibana kwenye mguu mmoja. Alijifuta macho kwa foronya, na safari hii aliyemlilia alikuwa mbele yake.

Wimbo uliisha upesi, kabla hajauzoea. Mkewe alijitupa kwenye kochi lisilokamilika, anahema, anacheka, anajipepea kwa kipande cha kitambaa. Profesa alikuwa amekwishainyanyua sindano airudishe mwanzo, kwa kuwa sasa angempigia hata mpaka Jumatano, na viti vya watu vingengoja. Mkewe akamzuia kwa mkono.

"Basi, baba watoto, pumzi imeniishia," alisema. "Sasa rudisha lastiki yako. Tumsikie yule mzee, nimeshamzoea."