Mti Usio na Miiba

"Kaka, una uhakika mti tuliochimba ni ule wa supu?" mdogo wangu aliniuliza, ameshika tumbo, matapishi yamejaa kifuani.

"Ndiyo, ni ule," nikamjibu. Nilidanganya. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosikia kutoka kwangu.

Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa mlimani huku Kemambo, tunamtembeza mtaalamu wa miti aliyetoka mjini. Mimi nilibeba magazeti anayokaushia majani, mdogo wangu panga. Tukafika kwenye mti wa msituni wenye majani mazito ya kijani, yale ambayo hata kiangazi hayapukutiki. Mtaalamu akavunja tawi, likatoa maziwa. Akanusa maua.

"Huu ni ndugu wa ule mnaochemshia supu," akasema. "Familia moja, asili moja. Hata mizizi yake ni hiyo hiyo tu."

"Lakini wetu una miiba," nikasema. "Huu hauna."

Akacheka. "Mzee, miiba haipangi familia."

Mdogo wangu akadakia, "Umeishia darasa la nne, leo unamfundisha mtu wa chuo?"

Nikacheka nao. Baba alituonyesha tangu tukiwa wadogo: usio na miiba ndio wa sumu ya mishale. Mdogo wangu alikuwa amesahau. Mimi nilikumbuka, ila niliona aibu kusema kwamba baba yangu, asiyejua kusoma, anamzidi yule msomi. Mizizi ikachimbwa.

Mtaalamu akaondoka na gari lake. Jioni mdogo wangu akachinja mbuzi, mke wake akachemsha supu na ile mizizi. Yeye mwenyewe hakunywa, alikuwa ananyonyesha, na kwetu anayenyonyesha hanywi supu ya mizizi. Mimi nilikunywa nusu kikombe kwa woga. Mdogo wangu akaongeza bakuli la pili, ananitania, "Kaka, unakunywa kama bibi harusi!"

Nilitapika siku mbili, nikapona. Yeye hakuiona asubuhi.

Msibani wakasema mke kamlisha sumu, mbona yeye hakunywa? Nilikaa pale, mwanamume mzima, naangalia chini. Wakamrudisha kwao Issenye, mtoto mgongoni.

Nikampigia simu mtaalamu. "Mimi nilitaja familia ya mti," akasema, "sikuwaambia mnywe." Akakata.

Mwaka huu nimekiri mbele ya wazee wetu. Wamenitazama kama mbwa mwizi, na ni haki yangu. Lakini wanasema neno langu peke yake halitoshi, na shemeji bado anaitwa muuaji. Sasa wewe mtaalamu, lini utakwenda Issenye kumwambia yule mama, wazazi wake wakisikia, ni nani aliyemuua mume wake?